Daktari wa Bara, Rais wa Visiwani: namna ya kuisoma safari ya Hussein Mwinyi

Kati ya mwaka 2000 na 2005 Tanzania ilikuwa na Naibu Waziri wa Afya aliyezaliwa Zanzibar, daktari kwa taaluma, mtoto wa Rais mstaafu. Angeweza kuingia hospitali ya mkoa Songea au Bukoba bila taarifa, akaitisha daftari la dawa, na mganga mkuu akatokwa jasho. Lakini akivuka bahari kwenda kwao Unguja na kuingia Hospitali ya Mnazi Mmoja, pale alikuwa mgeni wa heshima tu. Hakuwa na mamlaka ya kumhamisha hata muuguzi mmoja.

Naanzia hapo kwa sababu habari za Dk. Hussein Ali Mwinyi husimuliwa kwa njia mbili za mkato. Wapo wanaosema ni mtoto wa mkubwa, basi, habari imekwisha. Wapo wanaosema ni daktari mpole aliyeacha wodi akaenda kuitumikia nchi. Kila upande una ukweli wake, lakini hakuna unaoeleza kwa nini mtu aliyekuwa mbunge wa Mkuranga, mkoani Pwani, amekuja kuwa Rais wa Zanzibar bila kupitia hata wadhifa mmoja katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Jibu la hilo limo kwenye mpangilio wa Muungano kuliko kwenye cheti chake cha udaktari, na hata kuliko kwenye jina la baba yake.

Kwa hiyo tuanze na Muungano. Muungano wa Aprili 26, 1964 haukuifuta Serikali ya Zanzibar. Ulichukua mambo kadhaa ukayaweka chini ya serikali moja, na mengine Zanzibar ikabaki nayo. Mwanzoni mambo ya Muungano yalikuwa 11. Leo orodha iliyo kwenye Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ina mambo 22. Ulinzi na usalama yamo. Mambo ya nje, polisi, uraia, sarafu na elimu ya juu, yote yamo. Afya haimo. Wala kilimo, wala elimu ya msingi.

Mambo yasiyo ya Muungano, Zanzibar inayaendesha kwa wizara zake, Baraza la Wawakilishi lake na bajeti yake. Kwa upande wa Bara, mambo hayohayo yanaendeshwa na Serikali ya Muungano, kwa kuwa Tanganyika haina serikali yake. Hapo ndipo wengi hupotea. Waziri wa Afya wa Tanzania, ukiangalia mipaka halisi ya kazi yake, ni waziri wa afya wa Bara. Bunge linapojadili bajeti yake, wabunge waliochaguliwa Zanzibar wamo ukumbini, wanauliza maswali na kupiga kura juu ya zahanati ambazo wapiga kura wao hawatakanyaga. Na Rais akipenda, anaweza kumteua Mzanzibari kuiongoza wizara hiyo. Wabara hulinung'unikia hilo, na Wazanzibari nao wana mengi yao ya kunung'unikia.

Mstari huu wa mgawanyo unapita katikati ya fani ya udaktari kabisa. Elimu ya juu ni ya Muungano, lakini leseni ya kutibu si ya Muungano. Ndiyo maana chombo kinachosajili madaktari upande wa Bara kinaitwa hadi leo Baraza la Madaktari Tanganyika, na Zanzibar ina baraza lake. Nchi iliyotoka kwenye ramani mwaka 1964 imebaki kwenye vyeti vya madaktari.

Familia iliyokaa pande zote mbili

Hussein Mwinyi alizaliwa Zanzibar Desemba 23, 1966. Baba yake, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alizaliwa Bara, kijiji cha Kivure, Mkuranga, mwaka 1925, akapelekwa Unguja angali mdogo kusoma dini Mangapwani. Huko ndiko alikokulia, akawa mwalimu, akawa Mzanzibari. Baadaye akaingia Serikali ya Muungano, na miaka ya 1970 alipata kuwa Waziri wa Afya. Yaani wizara ambayo mtoto angekuja kuisimamia mara mbili, baba alishapita. Mwaka 1977, akiwa Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Mwinyi alijiuzulu baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola mikoani Mwanza na Shinyanga. Hakuwa amemgusa mtu, lakini wizara ilikuwa yake. Tutarudi kwenye kujiuzulu huko, maana miaka zaidi ya 30 baadaye watu walikumbusha habari hiyo.

Baada ya kujiuzulu alipelekwa Misri kuwa balozi, na mwanawe akasoma shule ya msingi Cairo. Waliporudi, kijana akaenda Azania, kisha Tambaza, shule mbili za Dar es Salaam zinazojulikana na kila mtu wa umri wake mjini. Wakati yeye yuko sekondari, siasa za Zanzibar zikageuka ghafla. Januari 1984, kwenye kikao cha Chama cha Mapinduzi (CCM) Dodoma, Aboud Jumbe alilazimika kuachia urais wa Zanzibar kwa sababu ya msimamo wake juu ya muundo wa Muungano. Lugha rasmi ya siku zile ilisema kulikuwa na "kuchafuka kwa hali ya hewa ya kisiasa". Aliyeitwa kuisafisha alikuwa Mzee Mwinyi, akawa Rais wa Zanzibar. Mwaka uliofuata akamrithi Mwalimu Nyerere kama Rais wa Jamhuri ya Muungano, akakaa hadi 1995. Huyo ndiye aliyepewa jina la utani la Mzee Rukhsa.

Kumbuka namna baba alivyoingia Ikulu ya Zanzibar: kikao cha Dodoma, mtu aliyekuwa akitumikia Muungano, anayeaminiwa na pande zote mbili. Mwaka 2020 yalitokea mambo yanayofanana na hayo.

Miaka ya koti jeupe

Udaktari wenyewe aliusomea Uturuki, Chuo Kikuu cha Marmara, Istanbul. Kisha akaenda London, Hospitali ya Hammersmith, kubobea kwenye magonjwa ya ndani, tawi la tiba linaloshughulika na moyo, figo, ini, kisukari na mengine yasiyohitaji kisu. Aliporudi alifanya kazi Muhimbili na kufundisha Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Hubert Kairuki pale Mikocheni, chuo binafsi kilichokuwa ndiyo kwanza kinaanza.

Hapa sina mengi ya kusema, na naona ni haki kusema hivyo. Miaka yake ya kutibu ilikuwa michache. Mwaka 2000, akiwa na miaka 33, alikuwa tayari bungeni. Waandishi wanaopenda kueleza kila uamuzi wake kwa "jicho la daktari" wanaupa uzito mkubwa muda ambao yeye mwenyewe aliupita haraka. Amekaa wizarani Ulinzi miaka mingi kuliko aliyokaa wodini.

Mkuranga, kisha Kwahani

Jimbo lake la kwanza lilikuwa Mkuranga, kusini mwa Dar es Salaam, nyumbani kwa asili ya baba. Kisheria hakuna la ajabu. Mzanzibari ni raia wa Tanzania na anaweza kugombea ubunge popote Bara. Kinyume chake ndiyo kazi: Zanzibar ina sheria yake ya Mzanzibari na masharti yake ya ukaazi, na mtu wa Bara hawezi kushuka bandarini Malindi leo akachukua fomu kesho. Mlango huu unafunguka upande mmoja kwa urahisi zaidi kuliko wa pili, na familia ya Mwinyi ni katika wachache waliokuwa na mizizi ya kweli kila upande.

Rais Mkapa akamfanya Naibu Waziri wa Afya, chini ya Mama Anna Abdallah. Miaka mitano hiyo ndiyo niliyoieleza mwanzo: Mzanzibari anayesimamia afya ya Bara.

Mwaka 2005 akafanya jambo ambalo wakati ule halikuvuta macho ya wengi. Aliiacha Mkuranga akaenda kugombea Kwahani, jimbo la mjini Unguja. Alibaki mbunge wa Muungano, bado anapanda ndege kwenda Dodoma, hakwenda Baraza la Wawakilishi. Ila sasa wapiga kura wake walikuwa Wazanzibari. Kwa mtu anayetazama mbali, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika safari yake, kubwa kuliko uwaziri wowote. Mbunge wa Mkuranga hawezi kuota urais wa Zanzibar kwa sauti. Mbunge wa Kwahani anaweza.

Mwaka 2006 Rais Kikwete alimteua Waziri wa Nchi, Ofisi ya Makamu wa Rais, anayeshughulikia Muungano. Kazi ya wizara ile ni kukaa na kile kinachoitwa kero za Muungano: mgawanyo wa mapato, ushuru, mikopo ya nje, mafuta na gesi, nani anamwakilisha nani kwenye vikao vya kimataifa. Ni wizara ndogo, haina barabara ya kuzindua wala hospitali ya kukagua, na wananchi wengi hawawezi kumtaja waziri wake. Lakini angalia waliopita. Makamu wa Rais aliyekuwa bosi wake pale alikuwa Dk. Ali Mohamed Shein, mtaalamu wa maabara za tiba aliyepata shahada yake ya uzamivu Newcastle, Uingereza, na ambaye mwaka 2010 alikuja kuwa Rais wa Zanzibar. Baada ya 2010, kiti hichohicho cha Muungano kilikaliwa na Samia Suluhu Hassan. Ofisi moja, na watatu waliofanya kazi humo wamekuja kuwa marais, wawili Zanzibar na mmoja wa Muungano.

Sidhani kama ni bahati. Mtu anayekaa pale miaka miwili anajifunza faili zote mbili: anajua Zanzibar inalalamika nini, na anajua Bara inajibu nini. Tena anajulikana na wakubwa wa pande zote kabla hajawa tishio kwa yeyote.

Mabomu na mgomo

Februari 2008, baada ya Waziri Mkuu Lowassa kujiuzulu na baraza la mawaziri kuvunjwa, Mwinyi alipelekwa Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa. Wakati wake ndipo maghala ya silaha yalipolipuka mara mbili Dar es Salaam: Mbagala, Aprili 29, 2009, na Gongo la Mboto, Februari 16, 2011. Makombora yaliruka yakaangukia nyumba za watu, kukawa na vifo, majeruhi na watoto waliopoteana na wazazi wao usiku. Baada ya Mbagala serikali iliahidi kwamba haitatokea tena. Ilipotokea tena, wapinzani na wanaharakati walimtaka waziri ajiuzulu, na wengi waliweka jina la baba yake mbele ya hoja yao: Mzee alijiuzulu mwaka 1977 kwa makosa ya wengine, kwa nini mwana asifanye hivyo? Hakujiuzulu.

Unaweza kumtetea ukisema waziri wa ulinzi ni raia, hahesabu mabomu ghalani. Mimi naona hoja hiyo ingesimama baada ya mlipuko wa kwanza. Baada ya wa pili inapungua nguvu. Hata hivyo aliuvuka mtihani ule bila kuchafuka sana, na hilo linaeleza jambo moja juu ya siasa zake: hasemi sana, hajibizani, na hasira ya watu mara nyingi hukosa pa kushikia.

Mei 2012 akahamishiwa Wizara ya Afya na Ustawi wa Jamii. Hapa ndipo udaktari wake na siasa zake vilipogongana uso kwa uso, kwa hiyo tukae kidogo.

Mwanzoni mwa mwaka ule madaktari walikuwa wamegoma. Mgomo ulianzia kwa madaktari wa mafunzo kwa vitendo Muhimbili waliodai posho zao, ukasambaa. Madai yakapanuka: mishahara, posho ya kuitwa kazini, nyumba, bima, pamoja na dawa na vifaa, maana daktari anayeandika kipimo kisichopo hospitalini anajiona mwongo mbele ya mgonjwa. Waziri Mkuu Pinda aliwasimamisha Katibu Mkuu na Mganga Mkuu wa Serikali, lakini waziri na naibu wake walibaki, na madaktari wakataka nao waondoke. Mei, Rais Kikwete aliwaondoa katika mabadiliko ya baraza, akamleta Mwinyi. Hesabu ilikuwa nyepesi kuisoma: madaktari wamemkataa waziri, wapelekewe mwenzao. Mtu aliyewahi kukaa zamu Muhimbili hataambiwa kwamba haelewi.

Haikusaidia. Juni mgomo ukaanza upya. Daktari anayeanza kazi, walidai, alipwe shilingi milioni 3.5 kwa mwezi, na Rais akasema wazi kwamba serikali haina fedha hiyo, asiyeweza kukaa bila mshahara huo aende kwingine. Mahakama ilizuia mgomo, wao wakaendelea. Usiku wa Juni 26, kiongozi wao, Dk. Steven Ulimboka, alitekwa, akapigwa vibaya, akaokotwa msitu wa Mabwepande nje ya jiji. Tangu hapo habari haikuwa ya posho tena. Wenzake waliolia wodini Muhimbili walikuwa wanalia kwa hofu na hasira, na waziri aliyekuwa mwenzao alikuwa amekaa upande wa pili wa meza.

Kilichofuata ni baridi ya utawala. Madaktari wengi wa mafunzo kwa vitendo walisimamishwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, wakakaa nje kwa miezi, hadi baadaye waliporuhusiwa kurudi. Mgomo ukafa. Kwa serikali, Mwinyi alikuwa ameimaliza kazi aliyotumwa. Kwa madaktari wengi wa kizazi kile, jina lake halitajwi kwa tabasamu. Nasi tukiuliza kama daktari akiwa waziri huwa upande wa madaktari, jibu la 2012 ni hapana: kiti cha uwaziri kina mwajiri wake, na mwajiri huyo ni hazina.

Na usisahau mpaka wa Muungano hapa pia. Mgomo wote ule ulikuwa wa Bara. Zanzibar ina hospitali zake, mishahara yake na waziri wake. Mzanzibari alikuwa anagombana na madaktari wa Bara juu ya bajeti ya Bara, na kwao Unguja hapakuwa na wodi iliyofungwa kwa ajili hiyo.

Januari 2014 alirudishwa Ulinzi. Aliyekuwa pale, Shamsi Vuai Nahodha, alikuwa ameng'olewa mwezi mmoja kabla, pamoja na mawaziri wengine watatu, kwa ukatili uliofanyika katika Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili. Weka jina hilo kiganjani. Nahodha ndiye aliyepokea Ulinzi kutoka kwa Mwinyi mwaka 2012, ndiye aliyempisha tena 2014, na wawili hao wangekutana Dodoma mara ya tatu. Mwinyi akabaki Ulinzi hadi 2020, chini ya Kikwete kisha Magufuli.

Dodoma ndiyo inayoteua

Mgombea wa CCM wa urais wa Zanzibar hachaguliwi Zanzibar peke yake. Wanaotaka wanachukua fomu Kisiwandui, makao makuu ya CCM Zanzibar. Kamati Maalumu ya Halmashauri Kuu upande wa Zanzibar inawachuja na kupendekeza majina. Kamati Kuu inayapunguza. Kura ya mwisho inapigwa na Halmashauri Kuu ya Taifa, ambamo wajumbe wa Bara ni wengi. Mwaka 2000 utaratibu huu ulionekana kwa macho: Dk. Mohamed Gharib Bilal alikuwa na nguvu zaidi upande wa Zanzibar, lakini Dodoma ikamteua Amani Abeid Karume. Wazanzibari hawajasahau.

Mwaka 2020 walijitokeza zaidi ya 30 kuchukua fomu. Julai 10, Halmashauri Kuu ilipokaa Dodoma, yalikuwa yamebaki majina matatu. Khalid Salum Mohamed, aliyepata kuwa Waziri wa Fedha wa Zanzibar. Nahodha, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar kwa miaka kumi. Na Mwinyi. Wawili wa kwanza wameendesha serikali ya visiwani; wa tatu hajawahi kukaa hata siku moja kwenye kiti cha SMZ. Kura zikasema: Mwinyi 129, Khalid 19, Nahodha 16.

Ukizisoma kura hizo kwa macho ya Unguja, unashangaa. Ukizisoma kwa macho ya Dodoma, hazishangazi. Wajumbe wa Bara wamemjua Mwinyi tangu yuko Mkuranga. Amekaa nao bungeni miaka 20. Amelinda jeshi lao. Na kukosa historia ndani ya SMZ kulikuwa faida: makundi ya CCM Zanzibar, yenye visa vya tangu enzi za marais waliopita, Salmin Amour (Komando) na Amani Karume, hayakuwa na deni naye. Wapo waliouliza kama ni Mzanzibari kweli, kwa sababu ya asili ya baba. Katiba ya Zanzibar inataka Rais awe Mzanzibari wa kuzaliwa, na yeye alizaliwa huko. Swali lilikuwa la kisiasa, na lilijibiwa kisiasa.

Daktari na kifo cha Maalim

Uchaguzi ulifanyika Oktoba 28, 2020. Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar ilimtangaza Mwinyi mshindi kwa asilimia 76.27, Maalim Seif Sharif Hamad wa chama cha upinzani cha ACT-Wazalendo akipewa 19.87. Upinzani uliyakataa matokeo, ukasema watu waliuawa Pemba kuelekea siku ya kura, Polisi walikana. Novemba 2 Mwinyi akaapishwa Uwanja wa Amani.

Kisha ikaja hesabu ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Marekebisho ya kumi ya Katiba ya Zanzibar, yaliyofuata kura ya maoni ya Julai 2010, yanakipa chama kilichoshika nafasi ya pili kiti cha Makamu wa Kwanza wa Rais, mradi kimefikisha asilimia 10 ya kura za urais. Mwaka 2016, uchaguzi wa marudio uliposusiwa na CUF, chama kikuu cha upinzani wakati huo, hakuna aliyefikisha kiwango hicho na kiti kikabaki kitupu miaka minne. Mwaka 2020 asilimia 19.87 zilitosha. Maalim, aliyeyakataa matokeo, aliapishwa Desemba 8 kuwa Makamu wa Kwanza wa mtu aliyeshindana naye. Mwinyi naye alisubiri, akazungumza naye, akaacha nafasi za mawaziri wa ACT wazi hadi walipoingia. Kwa wale waliokuwa wakimsubiri aonyeshe siasa zake mwenyewe, nadhani hapo ndipo alipozionyesha.

Haikudumu. Mwisho wa Januari 2021 ACT-Wazalendo ilitangaza kwamba Maalim ana Uviko-19. Ilikuwa kauli nzito, kwani Serikali ya Muungano wakati ule ilikuwa inasema ugonjwa huo haupo nchini, na takwimu zilikwisha kukoma kutolewa tangu katikati ya 2020. Februari 17 Maalim akafariki Muhimbili. Aliyeutangazia umma ni Mwinyi. Alisema amefariki, akasema wapi, akatangaza siku saba za maombolezo. Sababu ya kifo hakuitaja. Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, akitangaza kifo cha makamu ambaye chama chake kilikwisha kusema anaumwa nini, akasoma tangazo bila jina la ugonjwa. Afya si jambo la Muungano, na kisheria Zanzibar ingeweza kusema lake. Siku ile haikusema.

Othman Masoud Othman akateuliwa kuchukua nafasi ya Maalim mwezi uliofuata. Oktoba 2025 huyohuyo Othman ndiye aliyekuwa mpinzani mkuu wa Mwinyi kwenye sanduku la kura: Rais na Makamu wake wa Kwanza wakigombea kiti kimoja. Mwinyi alitangazwa mshindi wa muhula wa pili.

Hospitali zake mwenyewe, hatimaye

Urais ndio uliompa kwa mara ya kwanza mamlaka juu ya Mnazi Mmoja. Alikuta mfumo wenye historia yake: mwaka 1965 Mzee Abeid Karume, Rais wa kwanza wa Zanzibar, alitangaza matibabu bure, na kwa Mzanzibari wa makamo hospitali ni sehemu usiyotoa pesa, hata kama dawa utaenda kuinunua duka la nje. Baada ya 2021 fedha zikaja kwa njia isiyotarajiwa. Shirika la Fedha la Kimataifa liliikopesha Tanzania takriban shilingi trilioni 1.3 kwa ajili ya athari za Uviko, na Zanzibar ikapata mgawo wa bilioni 230. Sehemu ya fedha hizo ilijenga hospitali za wilaya 10, Unguja na Pemba, pamoja na hospitali ya mkoa ya Lumumba mjini. Kwa visiwa vilivyokuwa na watu wasiofika milioni mbili katika sensa ya 2022, hilo ni jambo kubwa, na mama wa Kaskazini Unguja anayejifungulia karibu na kwao hahitaji kuelezwa.

Majengo yana mipaka yake. Jengo linakamilika kwa miezi, daktari bingwa anapatikana kwa zaidi ya miaka kumi. Serikali ikakabidhi baadhi ya huduma, kama maabara na vipimo vya picha, kwa kampuni binafsi, na mjadala ukazuka kama ile ahadi ya 1965 bado iko hai. Mjadala huo unafanana na ule wa kukodisha visiwa vidogo kwa wawekezaji: matokeo yanaonekana haraka, ila mikataba haionekani. Huko ndiko wakosoaji wake wanakobanana naye zaidi, kuliko kwenye uchaguzi.

Mwaka 2023 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ukaanza na watumishi wa umma. Mwaka huohuo Bunge Dodoma lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, inayohusu Tanzania Bara. Ya visiwani ilitiwa saini na Mwinyi, ya Bara ilitiwa saini na Rais Samia, Mzanzibari wa Makunduchi. Mgonjwa wa moyo kutoka Chake Chake anayehitaji upasuaji bado anapelekwa Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete Dar es Salaam, na anayemlipia huko ni wa upande mmoja wa bahari, anayempasua amesajiliwa na baraza la upande wa pili.